Bati Lako la Nyota

Baba Paulina,

Naandika haraka kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Ungeuona mwandiko huu ungesema kuku wamepita. Lakini leo njiani nimekuita mara nyingi, kama mtu anayetegemea kuitikiwa, kwa hiyo nimeona nikueleze yote.

Tangu tukulaze kaburini kule Dongobesh, ngano ilivunwa na sasa matrekta yanalima tena. Karakana ya shamba imepata mchomeleaji mwingine. Nikisikia mashine yake inawaka, bado nageuka. Kofia yako ya kuchomelea waliichukua kwa kuwa ni mali ya shamba. Vile vioo vyako viwili vya kukinga macho vimebaki kwenye kopo juu ya kabati, kimoja cha umeme, kimoja cha gesi. Asiyejua anaona vyote vyeusi tu.

Na lile bati ulilomtobolea matundu Mwalimu wa Paulina wiki zile za mwisho, ukikohoa na kupumzika, ukikohoa na kupumzika, nililiona likifanya kazi. Alilifunga kwenye dirisha la ghala la zamani la mbegu, akaziba kila ufa kwa magunia, akawaita na wazazi. Tuliingia, mlango ukafungwa, giza. Halafu nyota, Baba Paulina. Saa nne asubuhi, nyota dirisha zima! Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Jamani, mbingu imeletwa stoo." Mimi niliitafuta ile moja ya pembeni. Unakumbuka Mwalimu alivyokuuliza? "Fundi, hii haipo kwenye mchoro wangu." Ukamjibu bila aibu, "Hiyo ni ya Paulina." Mimi najua keekee iliteleza.

Siku ile Mwalimu alitufundisha na habari ya jua kupatwa, kwa chungwa na taa. Akarudia mpaka tukachoka: asiangalie mtu jua kwa macho, wala kwa chupa, wala kwa maji ya beseni. Redio nayo ikatangaza kwamba ni leo.

Mama yako, ambaye anakaa nasi sasa, alinisubiri mlangoni asubuhi. "Mfungie mtoto ndani. Jua likiliwa watoto hawatoki."

Nikamwambia, "Mama, Mwalimu atakuwa nao."

"Huyo Mwalimu ana macho mengine ya kumpa?"

Hata hivyo nilimfunga Paulina vifungo vya sare, nikamwacha aende. Mimi ndiye niliyemwacha.

Nilikuwa nafua. Nikanyoosha mkono juu ya kabati nichukue sabuni, nikaliona kopo liko wazi. Kioo kimoja tu. Nilikimbia nacho jikoni nikakiweka usoni mbele ya moto, kama ulivyonionyesha. Giza tupu, hata nilipousogelea. Hicho ndicho kilichokuwa cha umeme. Mtoto amebeba cha gesi, kile chepesi kisichozuia jua.

Sikufunga hata mlango. Nilikata katikati ya shamba, povu mikononi, miguu inazama kwenye udongo uliolimwa. Na mwanga ulishaanza kuharibika. Si wa mawingu, si wa jioni. Vivuli vifupi vya mchana, lakini rangi yote imechujuka, hata mlima Hanang ukawa kama wa majivu. Dereva wa trekta alinipigia kelele, "Mama Paulina, unalikimbia jua?" Wenzake wakacheka. Nilikuwa nakuita wewe tu. Nikajiona nikimshika mkono mtoto kipofu kila siku ya maisha yangu, na mama yako akinitazama.

Shuleni watoto walikuwa wamepangwa uwanjani, migongo kwa jua. Nikapita mstari mzima. Paulina hayupo. Mwalimu mwenyewe alishtuka. "Alikuwa hapa sasa hivi!"

Nilimkuta nyuma ya jiko la shule na wenzake watatu. Amesimama, kioo usoni. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Akageuka. Hakuwa anaangalia juu, Baba Paulina. Alikuwa anaangalia moto uliokuwa chini ya sufuria la uji.

"Mama, moto unaonekana," akasema, karibu kulia. "Baba alisema ukiuona moto, hicho usikiinue juani. Na Yohani ananiita mwoga."

"Tulitaka mara moja tu, shikamoo," Yohani akasema, anarudi kinyumenyume.

Nilimpiga mtoto kofi mkononi na nikamkumbatia. Sijui kipi kilitangulia. Halafu nikakaa juu ya kuni.

Mwalimu alichukua kioo. Hakunigombeza. Alikwenda kung'oa bati lako dirishani, akatandika magunia meupe chini, akaniambia nishike upande mmoja, yeye mwingine. Tukaliinua juu, migongo kwa jua. Kwenye magunia, kila tundu lako likatoa jua dogo, na kila jua limeumwa. Makumi ya majua yaliyoumwa, yote upande mmoja. Watoto waliinama kuyatazama. Paulina akapiga magoti, akaweka kidole kwenye lile la pembeni. "Hili langu."

Nimerudi nikampa mama yako shikamoo, nikamwonyesha macho ya mjukuu wake. Ameushika uso wake mzima, akageuka kufuta macho yake mwenyewe.

Kioo cha gesi nimekifunga kitambaa chekundu, kopo limehamia kwenye sanduku lenye kufuli. Wewe pumzika. Mimi niliishia darasa la nne, lakini yeye nakuahidi hataishia hapo, hata nikilima vibarua kwenye ngano hii. Mwalimu amenipa kazi ya kulishika bati kila jua likipatwa, na nimekubali. Upande wa lile tundu la pembeni utakuwa wangu.

Ni mimi, Mama Paulina wako.