Mulamula wa Mama Koku

Mabira, Kyerwa

Mke wangu mpendwa, Mama Anyesi,

Amani ya Bwana iwe nawe. Naamini goti lako limepata nafuu, na baridi ya Rungwe haijakuzuia kwenda ibadani. Mimi ni mzima. Nalishwa ndizi asubuhi na jioni, wala silalamiki.

Kazi ya kulifukua kanisa lile la kwanza, niliyotumwa kuisimamia, yaenda vema. Tunasali, kisha mafundi hukwangua udongo kidogo kidogo na kuuchekecha. Jumatatu tulipata misumari iliyoliwa na kutu. Jumanne, kipande cha kioo cha taa. Jumatano msingi wa mawe ulijitokeza, ukielekea mashariki hadi ukingoni mwa migomba ya mjane mmoja, Mama Koku.

Hapo nilikosea. Katika njia ya msingi palisimama mmea mwembamba wenye majani marefu. Nikidhani ni pambo, niliagiza ung'olewe. Kumbe ni mulamula, ambao huku hupandwa kuwa mpaka. Kuung'oa ni kama kutwaa ardhi. Kesho yake shemeji wa Mama Koku, ndugu wa marehemu mumewe, alikwisha fika, akitembea shambani kama mwenye mali.

"Mpaka haupo," alisema. "Shamba ni la ukoo."

Mama Koku hakupaza sauti. "Mchungaji, marehemu aliupanda mwenyewe. Mmekuja kutafuta kanisa, mnaniondolea nyumba?"

Nikamwita mwenyekiti wa kitongoji pamoja na majirani. Tumaini, binti mtaalamu anayeongoza uchimbaji, alininong'oneza: "Baba, mmea ukirudi hapo hatutachimba tena. Madhabahu iko chini yake."

"Najua, mwanangu. Na ibaki."

Majirani wakathibitisha mahali pake, nikaushika mmea wima, na mwenyekiti akamtaka shemeji ashindilie udongo mwenyewe, mbele ya wote, kuonyesha kwamba ameukubali mpaka. Akasita.

"Mguu umekufa ganzi, shemeji?" jirani mmoja akamtania. Watu wakacheka, naye akashindilia. Mama Koku akaleta kahawa ya kutafuna, ambayo huku hupewa mgeni kwa amani, akaanza kumpa shemeji yake.

Basi ramani ya kanisa letu itakosa upande wa madhabahu. Jioni tuliimba tukiielekea migomba ile, na moyo wangu ulitulia kuliko siku zote tangu nistaafu.

Nisalimie dada yangu mkubwa, shikamoo yake nimeituma kwa heshima. Na mkwe wetu, mwalimu wa kwaya. Na wajukuu, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi, mumeo katika Kristo,
Baba Anyesi