Mama wa Ofisini

Cebu, Jumapili

Kwako Dada Perpetua,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua cha mama kimeachia kidogo tangu mvua zikatike. Wasalimie wanao. Mimi mwili hauna neno. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza maswali, nami ningekudanganya tena.

Unakumbuka nilivyoisifia ofisi yetu? Unavua viatu mlangoni, unapewa ndara zenye jina lako. Kuna makochi, jiko, vitanda, na picha zetu ukutani kama za ukoo. Meneja wetu, Bi Delfina, alitaka tumwite Mama. Nikichelewa kula alinifokea: “We Jovencio, unataka watu waseme siwalishi wanangu?” Nilipenda kufokewa hivyo. Nikawa nalala kulekule, mwishowe nikarudisha chumba nilichopanga. Wenzangu walinitania, “Huyu tumwozeshe jokofu!” Lakini hakuna aliyekuwa akiomba ruhusa, hata mgonjwa. Bosi unamwomba ruhusa; mama utamwambiaje kwamba unataka kwenda kwenu?

Mwezi uliopita alituita sebuleni, akalia, akasema ofisi inafungwa, kazi inahamishiwa nchi nyingine. Akatukumbatia mmoja mmoja. Nilimwomba nibaki siku mbili tu nitafute pa kulala. Akafuta machozi, akasema, “Jovencio, hapa ni ofisini, jamani.” Kufikia saa sita mchana kadi yangu haikufungua tena mlango. Sasa nalala sakafuni kwa Rodel, tuliyekuwa tukikaa naye meza moja ofisini.

Lakini dada, siyo hilo lililonifanya niandike.

Siku baba alipozidiwa ulinipigia, ukasema ananiita. Nikakujibu kwamba dhoruba imezuia meli za kuja huko nyumbani Bohol. Dada, meli hazikuzuiwa. Ziliondoka zote. Siku ile ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Bi Delfina, nami ndiye niliyekuwa nikipika pansit, tambi za sherehe. Na hakunikataza. Nilipomweleza, alisema niende kama moyo unanituma. Haukunituma. Nilijiambia baba atanisubiri hadi kesho, tena niliona uchungu kuacha chakula changu kiliwe bila mimi. Ulipopiga mara ya pili kuniambia amekata roho, tulikuwa tunamwimbia Bi Delfina. Nilikata simu nikarudi, nikaimba hadi mwisho.

Msibani ulinieleza, ukidhani unanifariji, kwamba baba alikataza nisipigiwe tena nisije nikashawishika kusafiri nikazama. Kwamba hadi pumzi ya mwisho aliuliza kama bahari imetulia.

Mama mwambie, au usimwambie. Sina tena haki ya kuchagua. Sikuombi unisamehe. Unisalimie majirani na wote wanaoniulizia. Ukienda kaburini, usiseme neno lolote kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Jovencio