Ukanda wa Mlango wa Nyuma

Mangi,

Shikamoo sikupi. Nimekuzidi miaka miwili, na kufa hakukupandishi cheo. Na usinisahihishe mwandiko. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisomea dirishani.

Gari lako tulilokuwa tunalifufua limekwisha. Naliandika hili mapema kabla shemeji, mkeo, hajakuambia kwenye sala zake, maana najua mnaongea bila kunishirikisha.

Duka lako la spea pale Gerezani sasa linauza makava ya simu. Mteja wako wa zamani akija kuuliza skrubu anaonyeshwa kava lenye maua. Mimi bado nipo uani na nyundo zangu, mwendokasi unapita, vumbi linanijia kama kawaida. Asiyepita ni wewe, na masharti yako kama ya mganga. Unakumbuka skrubu nne za taa ya namba? Za kichwa cha nyota zilijaa tele, wewe unataka za kichwa bapa, eti kiwandani waliweka bapa. Miezi mitatu tumezunguka Kariakoo kutafuta kitu ambacho hata mbu hakioni. Muuzaji mmoja akakuambia chukua hizi mzee, zinafanana. Ukamjibu taratibu, "Hata mimi nafanana na kaka yangu. Nikienda kwake usiku, mkewe anifungulie?" Yule bwana akarudisha skrubu zake kwenye kopo.

Siku ya mazishi kule Machame nilifanya kazi ya mtani. Nilikaa juu ya kifusi nikatangaza kwamba Mchaga huyu hazikwi mpaka airudishe bisibisi yangu bapa. Watu wakacheka, mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa. Halafu nikaenda nyuma ya migomba nikalia. Hukuniona, kwa hiyo usiende kulitangaza huko.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini niandike.

Hospitali uliniambia neno moja tu la kazi: "Mpare, ukanda wa nikeli wa kushoto uweke kama ulivyokuwa." Nikakuitikia kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Baadaye, nilipofika kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, nikakuta matundu ya klipu za ukanda yamekaa chini kuliko ya mlango wa mbele. Nusu ukucha hivi. Nikasema huyu ni fundi mlevi. Nikayaziba kwa puti, nikapaka rangi, nikavuta uzi kutoka taa hadi taa, nikatoboa mapya. Ile nikeli ikanyooka, Mangi, ungeweza kuipigia mstari daftarini. Mafundi wa Gerezani wakaja kutazama. Nikawa nalizunguka gari na kikombe cha kahawa mkononi kama mkaguzi.

Jumatatu shemeji akaja na ile picha ya sebuleni, ya baba yako siku aliyolitoa gari hili dukani likiwa jipya, viti bado vina nailoni. Akaiweka juu ya boneti. Akaniuliza kwa ule upole wake unaoua, "Shemeji, mbona kwenye picha ukanda wa nyuma umeshuka?"

Nikamwambia picha imejikunja. Kesho yake nikamwambia mpiga picha alisimama kombo. Aliniachia picha, akasema Jumamosi tunakwenda kukuwekea msalaba, na anataka ufuatwe na gari lako, si na gari linalofanana nalo.

Kaa vizuri nikuambie. Nilijua. Tundu likitobolewa baada ya rangi, kingo zake huwa chuma kitupu, kutu inaanzia hapo. Yale matundu yalikuwa na rangi ya kwanza mpaka ndani, ile krimu ya kiwandani. Maana yake huko huko kiwandani mtu alitoboa kabla ya rangi, akakosea, akaenda kula chakula chake cha mchana. Niliiona ile rangi. Nikapaka puti haraka haraka. Miaka arobaini nanyoosha magari ya watu. Mkono wangu haukuwa tayari kuacha kitu kombo halafu watu waseme Mbwambo kazeeka.

Na nikiitazama picha ndipo nikakumbuka kidole chako. Kila ukifunga ule mlango, ulikipitisha juu ya ukanda, kikifika kwenye maungio ya milango kinashuka kidogo, unatabasamu. Miaka yote hiyo mimi nadhani unafuta vumbi.

Jumatano nikaifukua puti yangu mwenyewe. Matundu yangu mazuri, yaliyonyooka, nikayaziba. Nikapaka rangi mlango mzima upya, nikaurudisha ukanda chini, nusu ukucha. Vijana wa karakana ya jirani wakaja, wakatazamana, mmoja akauliza, "Babu, tukutafutie miwani?" Nikamwambia miwani ninayo, nitakuachia urithi, wewe ndiye utaihitaji.

Jana shemeji alikuja. Alifunga mlango, akapitisha kidole kuanzia mbele, taratibu. Kikafika kwenye maungio. Kikashuka.

Sikumtania. Nilikwenda kutafuta kitambaa ambacho nilikuwa nimekishika.

Kesho alfajiri tunaondoka. Dereva ni mimi, shemeji amekataa mwingine, na Same sisimami hata ndugu zangu wanipungie mikono. Nakuahidi mambo mawili. Gari hili, nikiwa hai, hakuna atakayelinyoosha. Na huo msalaba wako nitaupima kwa jicho langu. Mafundi wa kwenu wakiusimika kombo, sitaugusa, nitawaambia mwacheni Mangi, ndivyo alivyotoka kiwandani.

Lala, Mchaga. Bisibisi niliipata chini ya kiti chako.

Mtani wako,
Mbwambo