Muziki wa Elia Umepigwa Guangzhou

Shikamoo Shangazi,

Nimetoka sasa hivi kumsikiliza mwanao Elia akijaribiwa kazi ya kupanga muziki katika bendi kubwa ya jazi ya hoteli moja hapa, karibu na stesheni. Angeshindwa, angerudi kwenye biashara ya jinzi.

Wapigaji walitazama wimbo alioutunga, ulioandikwa kwa do-re-mi kama tulivyofundishwa kwenye kwaya ya Morogoro, wakamrudishia karatasi. Wachina hawa husoma muziki kwa namba. Meneja wa hoteli akaanza kumuaga. Elia akaomba kalamu: do ikawa moja, re ikawa mbili, hadi saba.

Mpiga saksofoni mzee akamtania kwa Kiingereza cha sokoni, "Rafiki, kumbe unajua kuhesabu."

"Nawe piga, babu, tusikie."

Tarumbeta zilipoingia zote pamoja, wahudumu walisimama na mabirika ya chai mikononi. Meneja akataka wimbo urudiwe, akampa kazi, akauliza kama ana tungo nyingine.

"Sanduku zima," Elia akasema. "Liko kwa mama."

Basi Shangazi, zile karatasi za sandukuni usizifungie maandazi tena. Mungu akutunze, nawe uzitunze.

Mpwa wako,
Gervas