Nilihesabu Mapaa ya Bunju

Bunju, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kifua kimepona, na Mama anaendelea na dawa zake za presha. Mimi ni mzima. Mvua tu ndiyo inatusumbua. Njia ya kuingia kwetu imekuwa tope tupu.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Ukipokea simu yangu huwa unaweka spika ili nyumba nzima isikie, nami nikisikia Mama anacheka kwa mbali, nashindwa kusema. Mara tatu umeniuliza, "Ule mfuko unaendeleaje?" Mara tatu nimejibu, "Vizuri, Baba." Nilikudanganya.

Fedha uliyonipa Krismasi, nusu ya kiinua mgongo chako, sikuipeleka kwenye mfuko wa uwekezaji kama ulivyoagiza. Nilijiambia kwamba wasimamizi wa mfuko wanakata ada kila mwaka kwa kazi ya kuchagua hisa, na mimi nimesoma uhasibu. Kwa nini niwalipe? Nikaenda kwa dalali wa soko la hisa, nikanunua hisa za kampuni moja tu, inayotengeneza mabati. Sababu yangu naiandika kwa aibu. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nahesabu nyumba mpya zinazoezekwa huku. Nikasema, watu wote hawa wananunua mabati, kampuni hii itashindwaje?

Mwezi uliopita mwenye nyumba wangu, Mzee Shomari, ambaye ni fundi wa kuezeka, alinikuta natazama paa la jirani. Nikamweleza habari ya hisa zangu. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Msomi wangu! Kati ya mapaa yote haya, ya kiwanda chako labda mawili. Mengine mabati ya kutoka nje hayo, bei chee. Si ungeniuliza mie, kwa kikombe cha kahawa tu?"

"Sikujua, mzee."

"Sasa ulikuwa unahesabu nini?"

Bei ya hisa ilikuwa imeshaanza kushuka. Nilipokwenda kuuza, dalali aliniambia kwa upole, "Oda yako tumeiweka. Mnunuzi ndiye hatujampata." Zimeuzwa chache tu. Kwa bei ya sasa, kama theluthi ya fedha yako imepotea, na najua ndiyo uliyokuwa umemwekea mdogo wangu Subilaga kwa ajili ya chuo.

Sisemi kila anayejichagulia hisa ni mjinga. Dada Rehema wa hapa ofisini hununua kwa mshahara wake, kidogo kidogo, kampuni mbalimbali, na kwanza husoma hesabu zao. Akikosea, amepoteza chake. Wala wasimamizi wa mfuko si malaika. Vipande vyao, yaani sehemu za mfuko wanazouza, navyo hushuka bei, na ada wanakata hata mwaka ukiwa mbaya. Lakini kwao fedha yako ingetawanywa kwenye kampuni nyingi. Wewe hujawahi kupanda viazi shamba zima. Ulinifundisha hilo nikiwa nimeshika jembe, nikalisahau nilipopata cheti.

Sasa umesema wiki ijayo unatuma nusu iliyobaki. Nakusihi, usinitumie. Nenda mwenyewe mjini ukaulize habari za mfuko, usome ukurasa wa ada bila haraka, na vipande viandikwe kwa jina lako. Hizi hisa zilizobaki, amua wewe: niziuze kwa hasara, au nizishike nikisubiri gawio la faida ya kampuni. Mara ya kwanza niliamua bila kukuuliza. Nimeanza kutenga sehemu ya mshahara wangu kuziba pengo, ingawa itachukua muda mrefu.

Nisalimie Mama, na Subilaga, asome bila wasiwasi, na shangazi, aliyenishonea shati la kuanzia kazi. Bado nalivaa.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Weka spika, Baba. Mama naye ana haki ya kusikia, na safari hii sitasema "vizuri."

Mwanao, ninayekuogopa na kukupenda,

Gwakisa