Wastani Wako

Mke wangu kipenzi,

Mimi mzima, ila jirani hanipi nafasi: "Shemeji anarudi lini?" Namjibu, mwezi ujao.

Umesema unaogopa kupiga hesabu ya wastani wako, nikupigie mimi. Basi nilichukua chaki, nikaandika juu ya meza ya kukatia vitambaa: utafiti A, pointi tano, takwimu B, nne, lugha C, tatu. Nikajumlisha, nikagawa kwa tatu, nikapata nne kamili. Na ule ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo unataka nne nukta nne. Nikapiga mluzi, nikatoa godoro letu nikalianika juani.

Kisha nikakumbuka ulivyonieleza kwamba masomo hayalingani uzito. Utafiti una krediti sita, takwimu tatu, lugha moja tu. Nikazidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, jumla arobaini na tano, nikagawa kwa krediti kumi. Nne nukta tano. Nimerudia mpaka chaki imekwisha, kosa silioni.

Hongera, roho yangu. Umepita.

Leo jirani ameuliza tena. Nimekanyaga cherehani kwa nguvu, nikajifanya sikusikia.

Mumeo,
Fundi