Kitufe cha Gumba

Ijumaa, Juni 1997
Voi

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa kuleta vumbi jekundu mpaka ndani ya kikombe cha chai. Mlima wa Sagalla umeshinda umejifunika mawingu, na wala halijadondoka tone. Siku kama hii kwa kawaida hunikuta nimenuna. Leo sivyo. Jioni hii mkono wangu wa kulia umevimba kidogo, mabega yanauma, na nina furaha ya kijinga kabisa.

Leo nimeifanya kazi yangu mwenyewe.

Acha nieleze vizuri, maana najijua, nikija kusoma hapa mwakani nitakuwa nimesahau nusu. Kabla ya masika nilipanda mlimani kwetu Werugha kumsaidia mama kukatia ng'ombe nyasi. Ukungu ulikuwa mzito, panga limelowa, likaniteleza likanikata. Tangu hapo kidole changu cha shahada hakikunjiki, na cha kati hukunjika kikipenda. Daktari alinishona vizuri, simlaumu. Aliniambia nishukuru kwamba vidole vyote vipo. Nilisema asante, huku moyoni nikimtukana. Mpiga chapa hataki vidole vya kuwepo, anataka vya kutumika.

Kwenye herufi nimejizoesha, vidole vilivyobaki vimegawana kazi. Kilichonishinda ni kipanya cha kompyuta. Nilikihamishia mkono wa kushoto, mshale ukawa unakimbia kwenye kioo kama kuku aliyeona mwewe. Nikarudi mkono wa kulia, nikabadilisha vitufe ili nibonyeze kwa kidole cha pete. Kubonyeza mara moja, sawa. Lakini kushikilia kitufe huku unavuta kitu kutoka hapa hadi pale, kidole hicho hakikuzaliwa kwa kazi hiyo. Kinatetemeka, kinalegea, na kitu kinaanguka njiani.

Na katika ofisi yetu kuvuta vitu ndiyo kazi. Bi Zuhura, mwenye duka, haishi kwa barua za maombi ya kazi peke yake. Tunatengeneza kadi za harusi, kadi za michango, na zaidi ya yote ratiba za mazishi, zenye visanduku vya kupangwa: picha, wasifu, kwaya, hotuba. Tangu niumie amenitunzia kiti changu bila kusema lolote. Huko kutosema kumenitesa kuliko kama angenigombeza.

Kwa hiyo nilikuwa nimejiwekea mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa leo. Nikishindwa tena, jioni namwambia Bi Zuhura atafute mtu mwingine, nami narudi Werugha kwa ng'ombe wa mama. Nawapenda ng'ombe wale. Lakini kazi hii niliitafuta mwenyewe, nikajifunza mwenyewe, na ndicho kitu cha kwanza maishani kilichokuwa changu.

Sikumwambia mtu.

Asubuhi akaja Mzee Mwadime wa Sagalla. Kesho anamzika mkewe. Ratiba tulikuwa tumeimaliza jana, lakini usiku ndugu za marehemu waliisoma wakaja juu, kwa sababu tumewaweka nyuma ya kwaya. Kwao mwanamke akifa hatolewi uani kabla ndugu zake hawajasema neno. Sasa ukurasa mzima ulikuwa upangwe upya, na gari la Sagalla huondoka saa kumi. Mzee alikaa kwenye benchi, picha ya mkewe ameifunga kwenye leso, kofia ameiweka magotini.

Nikaanza. Nikakishika kisanduku cha ndugu, nikakivuta, kikaanguka katikati ya kwaya. Nikakiokota, kikaanguka tena, safari hii juu ya wasifu. Mwishowe jina la marehemu likalala juu ya wimbo wa kufunga, na mimi nikaanza kulia. Nilisema ni vumbi. Hakuna aliyeamini, ila kwa adabu zao wote waliangalia pembeni.

Wote isipokuwa Mzee Salim. Huyu ni mume wa Bi Zuhura, fundi wa redio, meza yake iko upande wa pili wa pazia. Si mtu wa kujishusha. Ukimpelekea redio ataitengeneza, lakini kwanza atakueleza jinsi ulivyo mjinga hata ikaharibika. Akachungulia, akauliza, "We binti, unalizwa na nini, na hicho kidude?"

Nikaona liwalo na liwe. Nikafungua droo, nikatoa kile kipanya cha zamani.

Kilikuja pamoja na kompyuta yetu ya kwanza, ambayo Bi Zuhura aliinunua Mombasa ikiwa imeshatumika. Kina vitufe vitatu juu na kimoja ubavuni, pale gumba linapolala. Kilikuwa na disketi yake ya kuvipangia vitufe kazi. Disketi hiyo kompyuta mpya haiijui. Bi Zuhura alipopiga simu Mombasa, muuzaji alimwambia waliokitengeneza hawashughuliki nacho tena, akitupe. Ukikichomeka leo, vitufe viwili vya juu, cha kushoto na cha kulia, vinafanya kazi kama kawaida. Cha kati na cha gumba ni mapambo.

Nikamwambia Mzee Salim ninachotaka. Kitufe cha gumba kibonyeze badala ya kidole changu kibovu. Na cha kati kinishikilie: nikibonyeza kibaki kimeshika, niende zangu, nikibonyeza tena kiachie.

Akakichukua, akakigeuza chini juu. Kisha akasema, "Hiyo ya pili ni ile ya redio kaseti, ile ya kusimamisha tepu. Unakibonyeza chakaa chini, wakibonyeza tena charuka. Wallahi ninazo kopo zima."

Alikifungua palepale. Ndani, chini ya kila kitufe, mna swichi ndogo kama punje ya mchele. Akachukua waya mwembamba akaiunganisha swichi ya gumba na ile ya kitufe cha kwanza, ili kompyuta isijue tofauti. Kile cha kati akaking'oa kabisa. Alikuwa anapuliza moshi wa risasi ya kulehemu na kujisifu, nami nikaanza kupumua, mara adhana ya Ijumaa.

Akainuka! Akaiacha pasi ya kulehemu, akanawa, akavaa kofia yake na kwenda, kipanya kimebaki mezani matumbo nje.

Sina la kusema juu ya mtu anayekwenda kuswali. Lakini nilikaa pale nikiangalia saa ya ukutani na nikajua kwamba sasa hata lile tumaini dogo nililokuwa nalo sina. Bi Zuhura akatuletea chai na mahamri, akamlazimisha Mzee Mwadime kula. Mzee alikula kidogo, akafungua leso akatuonyesha picha. Mama wa makamo, kilemba kimeinama upande, anacheka na mtu ambaye haonekani.

"Huyu alikuwa anapenda mambo iende na mpango," akasema. "Hata mboga, aliikata yote sawasawa. Na ndugu zake ni hivyohivyo. Wewe usijali, mama. Mimi nitangoja."

Alikuwa amefiwa, na ni yeye aliyekuwa ananibembeleza mimi. Niliona haya, kisha haya ikaisha, nikabaki na shukrani tu.

Mzee Salim akarudi, akalehemu, akafunga skrubu. Kitufe cha kati sasa kilikuwa kile cheusi cha redio kaseti, kimetokeza juu kama jino lililoota vibaya. Nikachomeka, nikawasha kompyuta. Nikaupeleka mshale kwenye ukurasa, na kisanduku cha picha kikaufuata. Sikuwa nimegusa kitu. Nikarudisha mshale, nacho kikarudi. Nikabonyeza kile cheusi, kikaachia. Nikakibonyeza tena, mshale ukaikamata kwaya ukaondoka nayo.

Alikuwa amefunga waya kwenye mguu wa swichi usio wake: kikiwa juu kinashika, kikiwa chini kinaachia. Bi Zuhura akacheka mpaka akashika ukuta. "Fundi wangu," akasema, "kwaya yote waipeleka wapi?" Hata Mzee Mwadime alicheka, akaziba mdomo kwa kofia, halafu akaiondoa akacheka wazi. Mzee Salim akasema kosa ni la redio.

Akakifungua upya bila maneno mengine, jambo ambalo kwake ni kuomba radhi.

Mara ya pili nilibonyeza kwa gumba. Kisanduku cha ndugu kikaitika. Nikabonyeza cheusi kwa kidole cha pete, nikakiachia kabisa, nikainua vidole vyote juu ili nione. Kimeshika. Nikasukuma kipanya kwa kiganja tu, taratibu, kisanduku kikapanda, kikaipita kwaya, kikatua juu yake pale hasa nilipotaka. Nikabonyeza tena. Kikakaa.

Sijui kama kuna mtu duniani amewahi kulilia kisanduku. Basi ni mimi, na safari hii sikusingizia vumbi.

Vingine vilikwenda chapuchapu. Nilisahau kuachia mara kadhaa, nikaburuza wimbo mmoja hadi kwenye wasifu, lakini sasa nilijua kuurudisha. Bi Zuhura akabandika picha kwa gundi kwenye nafasi yake, tukatoa nakala, kisha akaibandua akamrudishia mzee. Mzee Mwadime aliisoma ratiba akiwa amesimama, kidole kikitembea chini ya kila mstari, majina ya watoto, ya ndugu, ya kwaya. Alipofika mwisho akaikunja, akaiweka kwenye leso pamoja na picha.

"Iko sawa," akasema. "Hata yeye angesema iko sawa."

Akanishika mkono wa kuagana, huuhuu mbovu, na hakuubana. Aliliwahi gari.

Nilibaki na maneno yangu ya kujiuzulu mdomoni, sina pa kuyapeleka. Naandika ili niyaondoe. Namshukuru Mungu kwa mzee yule aliyenivumilia katika siku ambayo alistahili kuvumiliwa yeye. Namshukuru kwa Mzee Salim na kopo lake la takataka, ingawa kesho nitalazimika kusikia habari hii akiwasimulia wateja wote, na katika habari hiyo hakutakuwa na kwaya iliyokimbia. Namshukuru kwa Bi Zuhura, ambaye wakati wa kufunga duka nilimwuliza, nikiangalia chini, kama alikuwa ameanza kuulizia mpiga chapa mwingine.

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama ana mume mwingine.

"Mwingine wa nini?" akasema. "Kesho uwahi. Kuna kadi za harusi, na bwana harusi ana mama wawili, kila mmoja ataka jina lake liwe juu."

Nitawahi. Na jina la nani litakuwa juu, nitalivuta mimi.